Kopo la thairista zilizokufa

Kwenye rafu ya karakana yangu hapa Ngamiani, Tanga, lipo kopo kubwa la maziwa ya unga lililojaa thairista zilizokufa. Zipo za bolti, zipo za duara kama kidonge kikubwa, na zipo zile bloki za siku hizi ambazo ndani ya gamba moja la plastiki wanakaa ndugu wawili. Kila moja nimeibandika kipande cha gundi ya karatasi na kuandika tarehe, mguu wa mashine iliotoka, na nani aliyeiua. Jirani yangu anayeuza samaki aliwahi kuniomba moja ya zile nzito akasawazishie mzani wake. Nikamwambia, shoga, hizi ni maiti, utapimiaje watu kitoweo kwa maiti? Akacheka, akaichukua hivyo hivyo.

Bloki tatu kwenye kopo hilo nimezifunga pamoja kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Zilitoka mguu mmoja wa konveta moja (mashine ya kuendeshea mota, nitaieleza mbele), ndani ya siku 40 hivi, mwaka 2024. Kwenye gundi ya ile ya kwanza, pale pa "nani aliyeiua", niliandika "uzee". Nimelikata neno hilo kwa kalamu lakini sijalifuta, bado linasomeka.

Kwa msomaji ambaye kazi yake si umeme: thairista ni lango la umeme lenye masharti. Ina ncha tatu, anodi, kathodi na geti. Umeme hupita kutoka anodi kwenda kathodi pale tu geti linapopewa mshtuko mdogo. Hadi hapo haina ajabu. Ajabu yake ni kwamba ikishafunguka geti halina tena uwezo wa kuifunga. Mfikirie mlinzi wa mlangoni pale Mkwakwani siku Coastal Union anacheza na timu kubwa ya Dar. Yeye ndiye anayeamua mlango ufunguliwe lini, lakini watu wakishaanza kumiminika hana lake jambo, mpaka wimbi la watu likatike lenyewe. Kwa umeme wa AC, ule unaokwenda na kurudi, wimbi hukatika lenyewe mara 50 kwa sekunde, ndiyo maana kifaa hiki kikawa mfalme wa viwandani. Kilitoka kwa General Electric huko Marekani mwaka 1957, na mpaka leo sijaona cha kukitoa kwenye kazi za umeme mzito wa viwanda vyetu vya zamani.

Sasa panga thairista sita, mbili kwa kila mguu na mguu mmoja kwa kila fezi, kisha uzifungue kwa zamu. Umeme wa AC ukiingia kwa waya tatu, unatoka DC, umeme wa upande mmoja tu, kwa waya mbili. Ukizifungua mapema DC inakuwa nyingi, ukizichelewesha inapungua. Kwa volti 415 za TANESCO, zikifunguliwa mapema kabisa unapata volti 560 za DC. Kwa kuchelewesha tu, mota kubwa inatembea kwa mwendo unaoutaka. Hiyo ndiyo konveta, mafundi wengi wanaiita draivu.

Konveta ya hadithi hii huzungusha tanuru. Kiwanda sikitaji, kimenilipa na tumeachana salama. Tanuru lenyewe ni bomba la chuma lililolala kwa mteremko, linazunguka polepole na moto unaunguruma ndani. Mota yake ni ya DC, kilowati 110, volti 460, inakula karibu ampea 260 ikiwa na mzigo kamili. Jambo moja lazima ulijue kuhusu tanuru la namna hii, maana bila hilo hutaelewa kwa nini watu wazima wanakupigia simu saa tisa za usiku na sauti inawatetemeka. Likisimama likiwa la moto, linapinda. Upande wa juu na wa chini joto linatofautiana, chuma kinalegea, bomba linakuwa kama ndizi. Na mvua ikilinyeshea limesimama, ndio balaa.

Mara ya kwanza waliniita mwezi wa pili, mchana, jua kali la kaskazi. Fyuzi ya mguu wa kati ilikuwa imekata. Nikaweka mita kati ya anodi na kathodi, mita ikalia piii pande zote mbili. Thairista nzima hukupa ukinzani wa mamia ya kilo-omu kwenda juu, hata ukigeuza waya. Hii ilikuwa shoti tupu. Nikatoa bloki, nikaweka mpya ya akiba, nikaweka fyuzi mpya ya kasi, nikaagiza wawashe. Ikawaka. Saa tatu za kazi, sifa nyingi, kantini wakanipa wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Ile bloki ilikuwa humo tangu konveta inafungwa, miaka zaidi ya 20. Nikaandika "uzee" kwenye gundi, nikaitia koponi, nikalala usingizi wa mwenye haki.

Mara ya pili sikuwepo. Nilikuwa Korogwe kwenye msiba, mafundi wa zamu wakabadilisha wenyewe. Niliporudi nikakuta bloki wameniwekea getini kwa mlinzi, imefungwa kwenye gazeti, kwa kuwa wanajua nina kopo langu. Hapo ndipo ningeshtuka. Bloki mpya imefika siku 19 tu, mguu ule ule. Nikajisemea labda ilikuwa feki, maana nilishaumwa na feki kabla.

Kuhusu feki niseme kidogo. Kuna bloki niliuziwa na duka moja (si la Tanga) imeandikwa volti 1600, maandishi yamekaa sawa, hata katoni lina picha inayong'aa. Kwa mita haina kasoro. Nikaiwekea mega, kile kipimo kinachosukuma volti kubwa kutafuta uvujaji, ya volti 1000 kati ya anodi na kathodi, geti nimelifunga kwenye kathodi yake, ikavuja kama pakacha. Wahenga wana neno lao kuhusu pakacha kuvuja kuwa nafuu ya mchukuzi. Kwenye thairista mchukuzi haoni nafuu yoyote, anapata moto. Tangu siku ile sifungi bloki bila kuipitisha kwenye mega. Tahadhari moja: mega haigusi geti kamwe. Geti na kathodi yake ni vitu vya volti chache tu, na ukinzani kati yao kwenye hizi kubwa ni omu 10 mpaka 50 hivi. Ukilipiga geti kwa volti 1000 umeshaiua mwenyewe, na hutakuwa na wa kumsingizia.

Mara ya tatu simu iliita usiku wa Ramadhani. Nilikuwa nimeshainjika maji ya uji wa daku. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, bati linapigwa kama ngoma ya harusi.

"Dada fundi, samahani kwa usiku huu. Ile thairista imekufa tena. Njoo na mpya."

"Ipi?"

"Ile ile."

Mama yangu kutoka chumbani akauliza, "Nani kafa?" Nikamwambia hajafa mtu, mama, endelea kulala. Akasema basi ule kabisa. Sikula. Pikapu ya kiwanda ilikuwa imeshapiga honi nje, kijana wangu wa kazi amejikunyata nyuma na begi la vifaa chini ya turubai.

Tulipofika, mzee wa tanuru alikuwa amesimama chini ya paa na tochi. Ameshika kazi hiyo tangu mimi nasoma. Pembeni injini ndogo ya dizeli inahema, ile ya dharura inayozungusha tanuru mdogo mdogo umeme ukikatika.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu. Hii dizeli ikigoma tanuru langu linapinda, na mimi nastaafu mwakani. Usinistaafishe na tanuru lililopinda."

Kijana alikuwa ameshatoa spana. Nikamwambia arudishe. Akaniangalia kama nimepandwa na kichaa. Mvua inanyesha, tanuru la moto, na mimi nataka kukaa. Lakini nilikuwa nimeshafanya kwa haraka mara moja na matokeo yake ndiyo haya. Nikaomba daftari la zamu.

Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho chuoni sikukumbuka kukisikia, au nilikisikia nikasinzia. Nikafungua kurasa za ile siku ya kwanza, ya pili, na ya usiku ule. Mwandiko tofauti, watu tofauti, na kila ukurasa, dakika chache kabla ya mota kusimama, kuna maneno kama "mwendo umepunguzwa". Siku ya kwanza kwa sababu mawe yalichelewa. Ya pili kwa sababu kinu cha nyuma kilikuwa na shida yake. Usiku ule kwa sababu mawe yamelowa. Hakuna hata mara moja ambapo bloki ilikufa tanuru likiwa kwenye mwendo kamili, na mzigo mzito, na joto kubwa. Imekufa ikiwa inapumzika.

Mtu akiambiwa kifaa kimeungua atafikiri kimezidiwa mzigo. Nami nilifikiri hivyo. Lakini kifaa kinachokufa mzigo unapopungua hakijauawa na ampea.

Thairista inapomaliza zamu yake, haifungi mlango papo hapo. Ndani ya silikoni bado kuna chaji zimebaki, kama watu wa mwisho kwenye korido. Kwa mikrosekunde chache umeme unapita kinyume kuzitoa, halafu unakatika ghafla. Kukatika huko ndiko kwenye hatari. Nyaya na transfoma zina uzito wao, hazipendi kusimamishwa ghafla, zinarusha volti. Wavuvi wa Sahare wanalijua jambo hili bila kusomea: upepo ukiwa nyuma, ukigeuza tanga ghafla bila mtu wa kushika kamba, foromali linavuka upande wa pili kwa kishindo na kuvunja kichwa cha mtu. Mtu wa kushika kamba, kwenye konveta, ni kapasita na rezista vilivyofungwa sambamba na kila thairista. Vinaupokea mrusho ule na kuulainisha.

Na kwa nini mwendo mdogo? Kwa sababu ukichelewesha kufungua, volti inayoikuta thairista mgongoni wakati wa kufunga inakuwa kubwa zaidi. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari lile lile kwa kalamu ya mzee. Kwenye mwendo kamili, volti 460, pembe ya kuchelewesha ni nyuzi 35 hivi, na volti ya mgongoni ni kama 335. Kwenye nusu mwendo pembe inafika nyuzi 66, volti ya mgongoni inakuwa kama 535. Ndiyo msingi ambao mrusho unaongezeka juu yake. Mwenye kushika kamba akiwepo, hakuna anayejali. Thairista ni ya volti 1600. Asipokuwepo, kila mara wanapopunguza mwendo unaipiga thairista rungu la kichwa mara 50 kwa sekunde.

Nikamwambia kijana, sasa lete spana.

Tulikata umeme kwenye breka kuu, tukaweka kufuli, funguo nikaitia mfukoni mwangu, si wa mtu mwingine. Tukahakikisha kwa mita kwamba hakuna volti, mita ambayo dakika hiyo hiyo nimeijaribu kwenye soketi yenye umeme. Hili sina mzaha nalo. Namjua mtu aliyeamini mita yenye betri iliyokufa.

Jambo la kwanza nililokutana nalo halikuwa kapasita. Zilikuwa fyuzi. Mguu wa kati ulikuwa na fyuzi za kawaida, zile za kulinda kebo, umbo lile lile, ampea zile zile, rangi karibu ile ile. Fyuzi za akiba za kasi zilikuwa zimeisha ile mara ya pili na mtu wa zamu akafanya alichoweza. Simlaumu sana, alikuwa na tanuru la moto nje na bosi kwenye simu. Lakini fyuzi ya kawaida inalinda waya. Mpaka iamue kukata, silikoni imeshakuwa mkaa. Ndiyo maana safari hii ndugu wote wawili ndani ya bloki walikuwa shoti, na gamba limepasuka. Mara ya kwanza alikufa mmoja tu.

Mimi hubeba fyuzi za kasi za saizi chache ndani ya soksi kuukuu ya mtoto, zisigongane. Kijana hunicheka kwa soksi ile. Usiku ule hakucheka.

Bloki mpya niliipima kabla ya kuifunga, na si kwa mita peke yake. Vijana wengi wanapima thairista kwa mita: waya kwenye anodi, waya kwenye kathodi, gusa geti, ikionyesha kitu ni nzima. Kwa thairista ndogo za redio sawa. Hizi kubwa zinahitaji mamia ya miliampea zipite ndipo zijishikilie zikiwa wazi, na mita haitoi hata sehemu ndogo ya hizo. Utaitupa nzima ukidhani imekufa. Mimi natumia betri ya bodaboda ya volti 12 na balbu ya breki ya wati 21, inayokula karibu ampea moja na robo tatu. Chanya ya betri ipite kwenye balbu iende anodi, kathodi irudi kwenye hasi. Balbu isiwake, ikiwaka hapo ni shoti. Kisha gusa geti kutoka kwenye chanya kupitia rezista ya omu 33 ya wati 5, mara moja tu. Balbu iwake, na ukiondoa mkono iendelee kuwaka. Chomoa betri, rudisha, balbu iwe imezimika. Ikipita yote hayo, na mega, naifunga.

Nikasafisha hitisinki, kile chuma cha kupoza bloki, kwa kitambaa na spiriti, nikapaka grisi ya joto nyembamba kiasi cha kuona chuma chini yake. Watu wanaipaka kama siagi kwenye mkate wa watoto. Grisi kazi yake ni kujaza mikwaruzo tu. Ikiwa nene inakuwa blanketi. Bolti nikakaza kwa spana ya kipimo, kidogo kidogo, kwa kukingamisha.

Kisha, kabla sijarudisha fyuzi wala nyaya za mota, nikaiweka mita kwenye kapasita na kupima juu ya kila thairista. Kapasita zilizomo ni za mikrofaradi 0.47, moja kwa kila thairista. Ukizipima zikiwa zimefungwa hivyo zote, hupati 0.47 bali kama 0.7, kwa sababu umeme wa mita unazunguka pia kupitia kapasita za miguu mingine. Nilitarajia 0.7 mara sita. Nilipata 0.63 mara nne. Kwenye mguu wa kati, thairista ya chini ikasoma 0.47. Ya juu ikasoma 0.23.

Kijana akasema, "Mama, kapasita imepungua nguvu."

"Haijapungua. Haipo."

Maana hizo 0.23 ndizo hasa unazopata pale kapasita ya sehemu hiyo isipokuwepo kabisa, mita inasoma ujirani tu. Kwa macho ilikuwepo. Imekaa mahali pake, haijavimba, rezista yake haina hata doa. Nikaivuta waya yake kwa vidole viwili, polepole, na ganda la plastiki likanyooka kama mrija wa soda. Ndani shaba ilikuwa imekatika pale inapoingia kwenye lagi, kile kichwa cha chuma cha kufungia waya, na imegeuka unga wa kijani.

Hewa yetu hii. Chumvi ya baharini, vumbi la kiwanda, unyevu wa masika, na feni ya konveta inayavuta yote matatu ndani mchana na usiku. Tanga ukiacha kijiko cha shaba dirishani kinabadilika rangi. Na fundi aliyefunga ile waya, miaka hiyo, aliikaza lagi bila kuifunika. Waya wa sentimita kumi, unene wa kamba ya kiatu. Ilikuwa imekatika tangu lini sijui, lakini nina hakika ilikuwa imekatika tayari ile siku ya wali wa nazi, mimi nikiwa nimesimama sentimita 20 kutoka pale na kuandika "uzee".

Nilibadilisha nyaya zote sita. Nikapima tena: 0.7, mara sita.

Tulipowasha tuliwasha bila tanuru kwanza. Nikaweka osiloskopu, chombo kinachochora wimbi la umeme kwenye kioo, kwa probu ya kutenganisha. (Kuna wanaokata pini ya ethi ya osiloskopu ili wapime popote. Wakishafanya hivyo, gamba lote la chombo linakuwa na volti za mstari. Nisikukute na chombo hicho karakanani kwangu.) Kwenye milisekunde 20 nikahesabu vilima sita, vinalingana, hakuna bonde. Kikikosekana kimoja, ujue kuna thairista haifunguki, na mara nyingi tatizo ni waya wa geti au transfoma yake ndogo ya mshtuko, thairista yenyewe haina hatia. Niliwahi kukuta konveta nzima inakataa kuwaka baada ya watu kubadilisha kebo ya nje: fezi mbili zimepishana, bodi ya zamani inafungua milango kwa mpangilio usio wake. Tukazirudisha, ikawaka. Wenyewe walikuwa wameshaagiza thairista sita.

Mzee wa tanuru akapewa ishara. Dizeli ikazimwa, mota ikachukua. Nikamwomba apunguze mwendo hadi nusu na auache hapo. Akakataa.

"Hapo ndipo inapofia, mwanangu, wewe mwenyewe umesema."

"Ndiyo maana nataka ifie mbele yangu."

Akapunguza. Tukasimama pale watu wanne tukiangalia sindano ya mita ya ampea kama watu wanaosubiri mwezi uandame. Dakika 10, 20, 40. Haikufa. Adhana ya alfajiri ikatukuta palepale, nami sijala daku wala sijanywa maji. Mzee akanipa kitambaa nifute mikono. Nilifunga hivyo hivyo mpaka magharibi, na nilipofika nyumbani mama alikuwa ameufunika uji wangu kwa sahani, umeshaganda.

Malipo yalikuwa na kesi yake. Ofisini waliona kwenye ankara nimeandika "nyaya sita za kapasita na lagi" na chini yake bei ya usiku mzima. Mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, huku amefungua mashine ya hesabu, kama kweli nawatoza kiasi kile kwa waya ambao ukienda dukani Barabara ya 12 unapata mita nzima kwa bei ya soda. Nikamwambia waya nawapa bure, akate. Akakata. Kilichobaki walilipa baada ya wiki tatu.

Bloki ya tatu nikaifunga na wenzake kwa ule mpira. Kipande cha waya wa kijani nimekiweka pamoja nazo kwenye mfuko wa nailoni, na kwenye gundi za zote tatu nimeandika jina lake.

Juzi simu imeita, kiwanda kingine kabisa, sauti ya kijana nisiyemjua. "Shikamoo mama. Thairista yetu imekufa, tunaomba uje na mpya."

"Marahaba. Ya mguu gani?"

Kimya. Kisha, "Subiri mama, niende nikaangalie." Akaiacha simu wazi juu ya meza. Nikabaki nasikiliza feni ya konveta yao ikivuma, na nyuma yake kitu kinachogonga, tak, tak, tak, kama feni yenyewe imepoteza ubapa mmoja.